Nusu Saa kwenye Benchi

Kuna tiba moja iliyoanza kujulikana mwaka 1911 na ambayo mpaka leo inafanywa karibu vilevile. Unachukua kitu kinachomsumbua mtu, unakichanganya na maji, unamdunga kiasi kidogo sana. Wiki ijayo unamdunga kidogo zaidi ya pale. Unaendelea hivyo kwa miezi, halafu kwa miaka, mpaka mwili wake unazoea. Hiyo ndiyo sindano ya mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema. Ugonjwa ulioipa jina ni huu wangu, unaonifanya nipige chafya nane mfululizo ndani ya matatu huku abiria wote wakifungua madirisha.

Sisi Wakenya tunaita homa kila kitu kinachotoa kamasi. Ukipenga mara mbili ofisini, tayari mtu amekuletea tangawizi na ndimu. Waingereza nao waliuita ugonjwa huu homa ya nyasi kavu, ingawa hauleti homa na nyasi zinazousababisha si kavu, ni nyasi zinazochanua. Kwa Kiswahili cha vitabu ni mafua ya mzio: macho yanawasha, koo la juu linawasha mahali ambapo kidole hakifiki, pua ni bomba lililopasuka. Kwangu hukolea mvua ndefu ikiisha, nyasi za Nairobi zikianza kutoa vichwa.

Daktari aliponitajia sindano alinieleza kwa dakika tano hivi. Miaka mitatu. Kila wiki mwanzoni, baadaye kila mwezi. Nikauliza bei, nikashika kichwa. Ndipo nikaanza kusoma historia yake, kwa sababu nilitaka kujua ninachonunua ni nini hasa. Nilichokipata ni kwamba bei kubwa ya tiba hii haijawahi kuwa sindano yenyewe. Bei yake ni muda, pamoja na mtu wa kukuangalia muda huo ukipita.

Ugonjwa ulianza kuandikwa kama ugonjwa wa wenye nafasi. Mwaka 1819 daktari wa London, John Bostock, alisimama mbele ya chama cha madaktari akaeleza mateso ya mgonjwa mmoja ambaye kila kiangazi macho yake yaliwaka na pua ikaziba. Mgonjwa huyo alikuwa yeye mwenyewe. Miaka tisa baadaye, mwaka 1828, alikuwa amekusanya visa 28 tu, na akabainisha kwamba hakuwa ameona hata mmoja miongoni mwa maskini. Yeye alidhani chanzo ni joto na jua la kiangazi.

Aliyempata mhalifu halisi ni Charles Blackley, daktari wa Manchester, ambaye naye alikuwa mgonjwa. Huyu jamaa alikuwa na moyo. Alijitia chavua puani nje ya msimu ili aone kama dalili zitakuja, na zikaja. Alikwaruza ngozi yake akapaka chavua, pakavimba. Mpaka leo daktari akikupima mzio kwa kukuchoma vidoto mkononi, anafanya kile Blackley alichojifanyia. Alirusha tiara angani zikiwa na vioo vya kunata ili ajue chavua hufika juu kiasi gani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873, na ndani yake mlikuwa na swali linaloulizwa hadi leo: mbona wakulima, wanaoshinda kwenye nyasi, hawaugui sana, na wanaougua ni watu wa mjini waliosoma? Labda, alifikiri, kukaa na chavua kila siku kunawakinga. Wazo la sindano limejificha hapo.

Leonard Noon ndiye aliyelitoa wazo hilo mafichoni. Alifanya kazi katika hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, London, kwenye idara ya chanjo ya Almroth Wright, bosi aliyeamini karibu kila ugonjwa unaweza kuchanjwa. Ni idara ileile ambamo Alexander Fleming angekuja kuona ukungu wa penisilini mwaka 1928. Noon alichukua chavua ya nyasi za timothi, nyasi za malisho za Ulaya, akaitengenezea maji yake. Kwanza alimtonea mgonjwa tone jichoni ili ajue ni kipimo gani kinalifanya jicho liwe jekundu. Halafu alimdunga chini ya ngozi, akangoja siku kadhaa, akapima jicho tena. Siku baada ya siku, jicho lilihitaji maji makali zaidi ili liwake.

Makala yake ilitoka katika jarida la The Lancet tarehe 10 Juni 1911. Ni fupi, kurasa chache tu, lakini ina mambo mawili ambayo hayajapitwa na wakati. La kwanza, kwamba kwa dozi zilizopangwa vizuri ukali wa mzio unaweza kupungua hata mara 100. La pili ni onyo: ukizidisha dozi au ukiharakisha, unauongeza mzio badala ya kuupunguza. Faida na hasara, zote ziliandikwa siku ya kwanza.

Kinachonichekesha ni kwamba Noon alifanya jambo sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Aliamini chavua ina sumu, na kwamba anamchanja mtu dhidi ya sumu hiyo kama vile mtu anavyochanjwa dhidi ya ndui. Chavua haina sumu. Ni vumbi la maua tu, na watu wengi wanaipumua bila habari. Tatizo liko kwa anayeipokea.

Hebu fikiria soja wa geti kwenye estate yenu. Kazi yake ni kuzuia wezi. Sasa siku moja, kwa sababu asizozijua hata yeye, anaamua mama mboga ni jambazi. Kila mama huyo akipita, soja anapiga filimbi, majirani wanatoka na marungu, vioo vinavunjwa, na mama mboga hajafanya kitu. Mzio ni hivyo. Neno lenyewe lilibuniwa na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Soja mwenyewe, kingamwili inayoitwa IgE, alikuja kujulikana miaka ya 1966 na 1967, kupitia Kimishige na Teruko Ishizaka waliokuwa Denver, Marekani, na watafiti wengine wa Uppsala, Sweden. Sindano humpitisha mama mboga getini pole pole, leo akiwa na sukuma wiki fungu moja, wiki ijayo mafungu mawili, mpaka mwili unaajiri walinzi wengine wenye akili zaidi wanaomwambia soja atulie. Tembe haifanyi hivyo. Tembe inawaziba majirani masikio kwa siku moja. Kesho filimbi italia tena.

Lakini mchezo huo wa kurudia dozi una upande mwingine. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliwadunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini. Mbwa walionusurika dozi ya kwanza walidungwa tena wiki kadhaa baadaye, kiasi kidogo tu, wakafa ndani ya muda mfupi. Badala ya kuzoea, mwili ulikuwa umejifunza kulipuka. Hali hiyo iliitwa anafilaksia: koo linavimba, mapafu yanabana, shinikizo la damu linaporomoka. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Leonard Noon alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35. Mtu aliyebuni tiba inayodai miaka hakupewa miaka.

Mwenzake John Freeman ndiye aliyeendeleza kazi, na ni yeye aliyekuwa wa kwanza kujaribu kupunguza bei ya muda. Mwaka 1930 alieleza mbinu ya haraka: mgonjwa analazwa hospitalini, anadungwa kila baada ya saa moja na nusu au mbili, siku nzima, na kwa siku chache anafika kipimo ambacho wengine wanakifikia kwa miezi. Njia hiyo bado ipo. Lakini kila anayeitumia anajua sharti lake: ukikata muda, unaongeza hatari. Unachookoa kwenye kalenda unakiweka rehani kifuani.

Wakati huo wote, hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa kipimo cha haki kwamba sindano inafanya kazi. Miaka 43 nzima watu walidungwa kwa imani. Aliyelisuluhisha jambo hilo ni William Frankland, naye wa St Mary's. Frankland alikuwa daktari wa jeshi, akatekwa na Wajapani Singapore, akakaa mfungwa wa vita zaidi ya miaka mitatu. Aliporudi akaanza kuwatibu watu wanaopiga chafya. Mwaka 1954, yeye na Rosa Augustin walichapisha jaribio ambalo baadhi ya wagonjwa walidungwa maji ya chavua yenye nguvu na wengine maji yasiyo na nguvu hiyo, bila wao kujua nani amepata nini. Waliopata chavua halisi walipata nafuu kuliko wenzao, wazi kabisa. Frankland mwenyewe aliishi hadi Aprili 2020, akafariki kwa korona akiwa na miaka 108. Ukijumlisha maisha ya Noon na yake, unapata historia yote ya sindano hii katika watu wawili, mmoja aliyenyimwa muda na mmoja aliyepewa wa kumwaga.

Kwa hiyo faida ilikuwa imethibitishwa. Hasara ilingoja hadi mwaka 1986. Mwaka huo kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitangaza hesabu yake: tangu 1957, watu 26 walikuwa wamekufa nchini humo kutokana na sindano za mzio. Kati ya wale ambao ugonjwa wao uliandikwa, karibu wote walikuwa wakitibiwa pumu. Kamati ikatoa amri: asidungwe mtu mahali pasipo na vifaa vya kumrudishia uhai, na baada ya kila sindano mgonjwa akae akiangaliwa saa mbili.

Saa mbili! Daktari wa mtaani mwenye chumba kimoja angewaweka wapi watu hao? Sindano haikupigwa marufuku. Ilikufa kwa kukosa benchi. Katika nchi ilikozaliwa, ilitoka kwenye zahanati za kawaida ikabaki kwa wataalamu wachache. Marekani hawakufanya hivyo. Waliendelea kudunga, wakazoea kumkalisha mgonjwa nusu saa, kwa sababu athari nyingi kali hujitokeza ndani ya dakika 30, na adrenalini ikiwa karibu mtu huokolewa. Tafiti za Marekani Kaskazini zilikadiria kifo kimoja kwa takriban sindano milioni 2.5. Hatari hiyo ni ndogo kuliko nyingi ninazozipanda asubuhi kwenye bodaboda. Lakini inabaki ndogo pale tu kuna mtu, kuna dawa, na kuna hiyo nusu saa. Mtu akikudunga halafu akuambie nenda tu, hujambo, amekupunguzia muda na kukuongezea hatari bila kukuuliza.

Na faida ya kulipa muda huo ni ipi? Mwaka 1999 watafiti wa London, wakiongozwa na Stephen Durham, walionyesha jambo ambalo tembe haijawahi kulifanya. Watu waliodungwa chavua ya nyasi kwa miaka mitatu hadi minne waliacha sindano, na nafuu yao ikaendelea kwa angalau miaka mingine mitatu. Hiyo ndiyo hoja yote ya sindano. Ukiacha kumeza tembe Ijumaa, Jumapili unapiga chafya. Ukimaliza sindano, mwili umejifunza. Si kwa kila mtu. Kuna ambao hawasikii tofauti yoyote, na wengi wanaopata nafuu hawaponi kabisa, ila wanapiga chafya mbili badala ya nane. Mkono unavimba na kuwasha baada ya kudungwa, hilo ni la kawaida. Na mwenye pumu isiyodhibitiwa hafai kudungwa, vile vifo vya Uingereza vinatosha kuwa somo.

Sasa nirudi hapa kwetu. Nilipiga hesabu. Miezi sita ya kwanza kila wiki ni safari 26. Miaka miwili na nusu iliyobaki, kila mwezi, ni safari 30. Jumla 56. Nikikaa nusu saa kila mara, hizo ni saa 28 za kutazama ukuta. Nikitumia shilingi 200 kwenda na kurudi, ni 11,200 za nauli kabla sijanunua hata tone moja la dawa. Mimi nina kazi ya mshahara, naweza kuomba ruhusa. Anayeuza nguo Gikomba akifunga kibanda kila Jumanne asubuhi, nani anamlipa Jumanne hiyo? Bostock alidhani maskini hawaugui. Nadhani maskini wengi hawakuwa na muda wa kuugua mbele ya daktari.

Kuna jambo lingine ambalo vijikaratasi haviliweki mbele. Sindano lazima iwe ya adui wako. Hapa Nairobi tunapenda kulaumu jakaranda, kwa sababu ikifika Oktoba inajaza barabara zambarau na kila mtu anaiona. Lakini ua linalojirembesha hivyo linaita wadudu. Chavua yake ni nzito, haipendi kusafiri na upepo. Wa kuogopa ni wale ambao hakuna anayepiga nao selfi: nyasi. Na nyasi zetu si timothi ya Noon. Kuna nyasi za Bermuda zinazotambaa viwanjani, kuna zile ambazo hadi Australia wanaziita kwa jina la Wakikuyu. Mwili uliozoeshwa timothi si lazima uwaelewe hawa. Wengine wala si chavua kinachowasumbua, ni utitiri wa vumbi la godoro, na hao wanaugua mwaka mzima. Dawa nyingi za sindano hizi hutengenezwa Ulaya na Marekani, na zinataka kukaa kwenye friji wakati wote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: nimepimwa nini, chupa hiyo ina chavua ya nyasi gani, na stima ikipotea friji yenu inafanyaje? Siku hizi kuna pia tembe za chavua za kuweka chini ya ulimi. Marekani ziliidhinishwa mwaka 2014. Dozi ya kwanza unamezea mbele ya daktari, zingine nyumbani. Nauli inapungua, lakini miaka ni ileile mitatu, na ni kila siku.

Kama ningekuwa peke yangu, ningesema hivi: dawa ya kupulizia puani na tembe isiyoleta usingizi zinanitosha, na Piriton inabaki ya usiku kwa sababu ikiingia damuni mimi huwa gunia. Mtu ambaye hizo zote zimemshinda, amepimwa vizuri, kifua chake kiko sawa, na miaka mitatu ijayo anajua atakuwa mji huuhuu, sindano inamfaa. Wengine wasione haya kukaa na tembe.

Lakini nyumbani kwetu kuna pua mbili. Mdogo wangu ana miaka tisa na macho yake huvimba kama yangu, na usiku ameanza kukohoa kikohozi kikavu ambacho mamangu hakipendi. Kwa hiyo utafiti nilioutafuta zaidi ni ule wa watoto. Ulifanywa Ulaya kwa watoto 205 wa miaka 6 hadi 14 wenye mafua ya chavua. Nusu walidungwa kwa miaka mitatu. Miaka 10 baada ya kuanza, kati ya wale ambao hawakuwa na pumu mwanzoni, takriban robo ya waliodungwa walikuwa wameipata, ilhali upande wa pili ilikuwa asilimia 45 hivi. Si ushahidi usio na doa: wazazi na madaktari walijua nani anadungwa. Na jaribio kubwa zaidi la tembe za chini ya ulimi, watoto 812, lililotoka mwaka 2018, halikuonyesha kwamba pumu inacheleweshwa kwa kipimo walichokiweka, ingawa dalili za watoto zilipungua. Kwa hiyo ni labda. Lakini ni labda kubwa.

Pesa iliyopo ni ya mtu mmoja. Mwili wangu umeshaamua mambo yake. Wake bado unajifunza nani ni mwizi na nani ni mama mboga. Tumekubaliana na mamangu kwamba kwanza apimwe kifua, kisha ngozi, ili tujue ni nyasi au ni godoro. Akifaa, ataanza shule zikifungwa. Jumamosi ni zangu. Nitampeleka, atadungwa, halafu tutakaa pale nusu saa nzima, hata kama muuguzi atakuwa na haraka, hata kama mtoto atasema anasikia poa na tunaweza kwenda.